Nani Amwoshe Mama

Mdogo wangu Kiponda alinikataza kumwosha mama yetu, nami nikamwambia mbele ya watu kwamba hana adabu. Sijutii. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu mama huoshwa na binti yake wa kwanza. Nilikuwa nimeshakuja na ndoo yangu ya maji ya moto, nimeifunika kwa kanga yasipoe.

Mama alikuwa amefariki asubuhi ile katika hema la wagonjwa wa kipindupindu, hapa Utange, kwenye uwanja wa kanisa. Mvua ilikuwa imejaza vyoo, vyoo vikamwagikia visima, na bomba likikauka sisi hunywa maji ya kisima. Alihara na kutapika mpaka macho yakazama. Kiponda alipanda ndege aje kumwuguza. Aliposhuka Airport ndipo nilipompigia simu kumwambia asikimbie tena.

Wengi wanamjua kwa televisheni tu. Alianza kama bwana afya kule Mtongwe, akikagua vyoo na mikahawa kwa baiskeli. Akapanda mpaka wizarani, halafu mashirika ya dunia yakamchukua. Kila palipozuka maradhi ya kumaliza watu aliitwa yeye, akakaa nchi za wenyewe miezi na miezi akiwafundisha kuwazika wafu wao bila kuwagusa. Mama akitamba kanisani: "Mwanangu ndiye anayezuia vifo vya dunia." Nami nikimtania kwamba dunia hiyo haina Utange. Utani huo mama hakuupenda hata kidogo.

Basi huyo mzuia vifo alifika na suti yake, akamwamkia Mjomba Randu, kaka yake mama, kisha akasema hata kabla ya kukaa: "Mjomba, hanga la kumlilia mama halitakuwepo. Hakuna kupika, hakuna kunawa kwenye beseni moja. Mama anazikwa leo, na wa nyumbani yeyote asimguse. Ataoshwa na Mercyline na Clifford, wa ofisi ya afya."

"Clifford si mwanamume?" Mjomba akauliza.

"Ni kazi yake, Mjomba. Amefundishwa."

"Mwanamume amvue nguo dada yangu, nami nimesimama hapa?" Mjomba sauti ilimkatika. Sikuwahi kumwona mzee yule akilia, na hasira yangu ikapanda.

Nikamgeukia Kiponda. "Huko kwa watu uliwafanyia hivi?"

"Ndiyo, dada."

"Wakakubali?"

"Wengine walitupiga mawe. Tukaita polisi."

"Basi niitie polisi," nikasema, na nikaketi chini, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa chumba cha mabati kilichokuwa nyuma ya hema, alimolazwa mama baada ya kufa. Clifford, masikini, alikuwa ameshika mavazi yake ya kazi hajui aangalie wapi.

Kiponda akavua koti. Akachuchumaa mbele yangu, na kwa karibu nikaona jinsi alivyozeeka. "Dada, ugonjwa huu haujui kama wewe ni binti yake."

"Mimi nilikuogesha wewe ulipokuwa huwezi kushika kopo," nikamwambia. "Nifundishe. Hiyo si ndiyo kazi yako?"

Akaniangalia sana. Kisha akayachukua mavazi ya Clifford na kunivika kwa mikono yake mwenyewe: buti zilizonipwaya, aproni ya plastiki, glavu, barakoa, miwani. Akanieleza maji ya dawa ya klorini nimwagie wapi, pamba niiweke wapi. "Usijiguse uso, hata ukilia. Ukilia, acha machozi yashuke." Akanifanya nirudie maneno yote kama mtoto wa shule, nami nikayarudia.

Ndoo yangu ilibaki nje. Nilimwosha mama kwa maji baridi yanayochoma pua, Mercyline akinisaidia kumgeuza. Alikuwa mwepesi mno. Niliona uchungu kwamba sikuweza kuuhisi mwili wake kwa sababu ya ile mipira mikononi, ila nilikuwa mimi, si mgeni. Tulimfunga kitambaa chake cha umoja wa kina mama, klorini ikakitoa rangi papo hapo.

Ilibaki kumfunga kwenye mfuko. Kabla ya hapo, kwetu, mama akishasitiriwa, wanawe wa kiume huingia wakamshika miguu na kumuaga. Nikafungua mlango. Kiponda alikuwa amesimama palepale, karibu kabisa, mikono ameikunja kifuani.

"Njoo umshike miguu," nikamwambia.

Mavazi yalikuwa ya watu wawili tu, na mimi na Mercyline ndio tuliokuwa tumeyavaa. Mercyline akasema kwa upole, "Bosi, ingia. Ukitoka nitakunyunyizia dawa. Nani atakuuliza?"

Aliinua mguu, wallahi niliuona ukiinuka. Kisha akatazama nyuma. Nyuma ya kamba walikuwa wamejaa majirani, na wengine nao walikuwa na wagonjwa wao mle hemani. Akaurudisha mguu chini.

"Nikiingia mimi," akasema, "hakuna nitakayemzuia kesho."

Nilimchukia, na nikamhurumia, vyote kwa pamoja. Kazi yake yote alikuwa akiwasimamisha watu nje ya milango kama ule, na sasa zamu ilikuwa yake.

"Basi nikamwambie nini?"

Mtu aliyehutubia wakubwa wa dunia alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena.

"Mwambie nimefika."

Nikarudi ndani, nikamshika mama miguu kwa niaba yake. Masikio ya mama yalikuwa mazito siku hizi za mwisho, ilikuwa lazima umpigie kelele. Nikainama nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya juu, ili na yule aliye mlangoni asikie: "Mama, Kiponda amefika."