Chiriku Kwenye Kaunta ya Dobi

Nyumbani walimwita Chiriku tangu akiwa darasa la pili, na hakuwahi kuliona jina hilo ni tusi. Alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo miezi miwili ya joto kusoma Kijapani na utamaduni wa wenyewe, hakuna aliyehofia kwamba atakosa la kusema.

"Mimi nawahurumia walimu," shangazi yake alisema, huku amekalia sanduku ili lifunge.

Alipangiwa kukaa kwa mama mmoja mjane, dobi, duka chini, vyumba vya kulala juu. Asubuhi alikwenda darasani; mchana alirudi kukunja mashati katikati ya mvuke na harufu ya sabuni. Wiki ya tatu mwalimu akampasulia ukweli.

"Unaongea kama maji, lakini unaongea na kila mtu kama mwenzako wa mpirani. Lugha ya heshima huna."

Kijapani kina vitenzi vya kumkweza mkubwa na vingine vya kujishusha mwenyewe. Chiriku aliona ni mbwembwe tu. Tabasamu lingemaliza kazi.

Wiki hiyohiyo dobi akashikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa. Akaandika kwenye karatasi: "Kaunta ni yako." Chiriku akajifunga aproni kama aliyepewa cheo.

Mteja wa nne alikuwa mzee aliyenyooka kama rula, amefuata koti lake la sufu. Chiriku akamjibu bila kukwama, maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa: "We babu, bado! Njoo kesho." Mzee akamtazama, akavaa kofia yake, akatoka. Nyuma ya pazia dobi alishika kichwa, kisha akaandika: "Mwalimu mstaafu. Mteja wangu miaka thelathini."

Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini hakuwa mtu wa kulala na jambo moyoni.

"Mama, niandikie anakokaa. Nitampelekea mwenyewe."

Akalipiga koti pasi mpaka kola ikasimama, akatoka nalo mkononi, njia nzima akinong'ona vitenzi. Mlango ulipofunguliwa alianza vizuri, katikati akakwama. Safari hii hakutabasamu.

"Samahani, mzee. Naomba nianze upya."

Akaanza upya, akamaliza. Mzee alikunja uso, akafikiri.

"Unajua umesema nini? Kwamba wewe mtukufu umewasili, na mimi mnyonge nilikosewa adabu."

Chiriku akaangua kicheko kabla hajajizuia. Mzee naye mabega yakaanza kutikisika.

"Rudia," akasema.

Akarudia mara sita palepale mlangoni, jirani akichungulia dirishani. Mara ya saba mzee akapokea koti.

"Kesho saa kumi, njoo na daftari. Mwaka wa tano huu sijamsahihisha mtu, mikono inaniwasha."

Alikwenda kila siku mpaka kozi ikaisha. Kwenye mtihani alishika nafasi ya pili. Mwandiko wake, wa kuku aliyeparua mchanga, ndio uliomnyima ya kwanza, na hakulalamika.

Dobi mwenyewe alipona siku ya tano ya mafua, sauti ikamrudia. Hata hivyo, simu ya dukani ilipolia alinyoosha mkono, akaghairi, akamsogezea Chiriku.