Bomba la Kwenye Pazia

Asubuhi ile Yuster alikuwa amechuchumaa uani kwa Mama Pili, mwenyeji wake mjini Newala, akikoroga uji wa muhogo kwenye sufuria kuukuu. Uji haukuwa wa kunywa. Ulikuwa gundi ya rangi. Chuoni, huko pwani alikokuwa akisomea mandhari ya jukwaa na maleba, walimu walimfundisha kwamba gundi ya dukani ikikosekana, muhogo unatosha. Wekundu aliupata kwenye udongo wa kando ya barabara ya Masasi, weusi kwenye mkaa, weupe kwenye chokaa, na bluu aliichukua kwenye kipande cha bluu ya kufulia nguo alichopewa na Mama Pili kwa shingo upande.

Kitambaa cha pazia la jukwaani kilikuwa magunia ya korosho yaliyoshonwa pamoja. Magunia hayo yalikosa kazi tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magunia yao.

Yuster alikuwa mtu wa Chiwata, binti wa katekista Lameck, na alikuwa amefika mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa vitendo. Alitakiwa kwenda kwenye kikundi cha sanaa, kukitengenezea kwa ajili ya mchezo mmoja kila kitakachoonekana jukwaani na kila kitakachovaliwa, kisha mtahini aje kutazama. Akifaulu angepata cheti. Akishindwa angerudi Chiwata kupalilia mikorosho ya baba yake, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiwaambia waumini wenzake kwamba binti yake anasomea ushonaji.

Kikundi kilichompokea kiliitwa Mwangaza. Mwenyekiti wake, Mzee Cuthbert, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma lililouzwa, na tangu hapo alijaza siku zake kwa vyeo vya mtaani. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mtunzi wa michezo yote ya kikundi, na katibu wa Kamati ya Bomba. Mchezo wa safari hii aliupa jina *Neema ya Soko Huria*. Katika sehemu ya tatu anatokea mwekezaji, Bwana Mtaji, anafungua bomba, maji yanatoka, na wanakijiji wanapiga vigelegele.

"Maji yenyewe tutayaigiza kwa mikono," Mzee Cuthbert alimwambia Yuster. "Wewe nichoree bomba tu. Lifanane na bomba."

Kuigiza maji hakukuwa kazi ngumu kwa watu wa mtaa ule. Mashine ya kusukuma maji kutoka bondeni iliharibika zamani, na kila walipouliza, katibu wa Kamati ya Bomba aliwajibu kwamba kipuri kiko njiani kutoka Ulaya. Wanawake waliamka kabla ya jogoo, wakashuka mteremko na ndoo tupu, wakapanda nazo zimejaa. Asiyeweza kushuka alinunua maji kwa Bwana Fakihi, mfanyabiashara mwenye tangi kubwa la saruji nyuma ya nyumba, ambaye alisema huyaleta kwa lori kutoka mbali. Lori lenyewe lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Ila Bwana Fakihi alikuwa mpole na alimjulia hali kila mteja, kwa hiyo watu hawakumuuliza habari za magurudumu.

Yuster alichora ukuta, dirisha, na mgomba mmoja. Mwisho akachora bomba. Alilichora kwa uangalifu, maana mwalimu wao alipenda kusema kwamba mtazamaji husamehe nyumba iliyopinda lakini hasamehi kitu anachokihitaji kikichorwa vibaya. Akaweka kutu kidogo kwenye shingo na mng'ao juu ya koki. Koki aliichora ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa mchezo ulitaka hivyo.

Alipokuwa akisuuza brashi, bomba likaanza kutoa maji.

Yalitoka kwanza kwa kukohoa, kama bomba lolote lililokaa muda mrefu, kisha yakatulia. Mama Pili alikuwa mlangoni akimenya ming'oko, vile viazi vya porini. Aliyatazama yakimwagika chini, akainuka, akaleta ndoo na kuikinga.

"Mwanangu," alisema, "ungeniambia mapema ningeosha na mtungi."

"Sikujua, mama."

"Haya, sasa umejua. Ita na Paulina wa jirani, ana nguo za wiki nzima."

Hadi adhuhuri foleni ilikuwa imefika barabarani. Wanawake walikuja na ndoo, madumu, mabeseni, na mmoja alikuja na kitanda cha mtoto cha bati. Waliongea mambo yao ya kawaida: bei ya korosho, harusi ya Kitangari, mitumba mipya iliyoshushwa sokoni. Mzee mmoja alionja, akasema maji ni mazuri ila yana harufu ya muhogo kwa mbali. Hakuna aliyelalamika.

Yuster naye alikaa pembeni akishona maleba. Koti la Bwana Mtaji alilitoa kwenye mitumba, koti zito la nchi za theluji, akalipunguza mabega. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walimshauri. Paulina alisema tajiri wa kweli huwa na mfuko unaofungika. Mama Pili, ambaye angecheza mke wa tajiri, aliomba gauni lake lishushwe hadi chini, lisije likamwaibisha mbele ya wakwe. Watoto walioga mara mbili siku hiyo, mara ya pili kwa raha tu. Yuster aliona kazi yake inapendwa, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Chiwata hakuwaza mtihani.

Bwana Fakihi alifika siku iliyofuata, ameshika mti mrefu wa kupimia tangi. Chini ulikuwa na unyevu kidogo, juu ulikuwa mkavu kabisa.

"Hamjambo mabibi," alisema. "Mama Pili, habari za tangu juzi? Pili hajambo? Naomba mfunge hilo bomba. Maji mnayochota ni yangu."

"Yako kivipi, Bwana Fakihi?"

"Mkichota hapa, tangi langu linashuka. Nimekaa nalo tangu alfajiri, nikilitazama."

Mama Pili aliweka ndoo yake pembeni, akampisha mwenzake akinge. "Na wewe uliyatoa wapi?"

"Kwenye bomba la mtaa, si linapita chini ya nyumba yangu?"

"Bomba la mtaa si bovu?"

"Bovu kwenu," alijibu Bwana Fakihi kwa upole. "Kwangu linafika."

Foleni yote ilisikia. Watu waliweka ndoo chini. Walimgeukia Mzee Cuthbert, aliyekuwa kwenye kigoda akisahihisha maneno ya Bwana Mtaji, na yeye akaendelea kusahihisha neno lilelile kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Kipuri," alisema hatimaye, "kilifika kidogo. Kilifika cha kupeleka maji hadi kwa Bwana Fakihi. Cha kuyafikisha huku kiko njiani."

"Tangu lini?" Paulina aliuliza.

"Mambo ya ufundi haya, Paulina. Na tusisahau kwamba Bwana Fakihi ndiye mfadhili wa mchezo wetu."

Paulina alichukua dumu lake, akalijaza, akalibeba. Alipofika barabarani alilia kidogo, maana mwaka uliopita mimba yake ilitoka kwenye ule mteremko, na dumu alilobeba siku ile lilikuwa hilohilo. Kisha akarudi na dumu la pili.

Jioni Mzee Cuthbert alimwita Yuster chini ya kibaraza.

"Binti, kwenye mchezo wangu niliandika kwamba bomba linatoa maji siku ya mchezo. Sikuandika kwamba linatoa Jumatano. Likunjeni hilo pazia."

Walilikunja. Maji yakatoka ncha zote mbili, kama nguo inayokamuliwa. Wakalikunjua. Mzee Cuthbert akapaka chokaa juu ya bomba. Maji yakaiosha chokaa, bomba likabaki likimeta kuliko mwanzo.

"Basi lichorewe kufuli," alisema Bwana Fakihi, aliyekuwa amekuja kuangalia.

"Mimi silichori," alisema Yuster.

Alisema kwa adabu, ameinamisha macho, lakini alisema. Mzee Cuthbert hakumgombeza. Alimkumbusha tu kwamba mtahini anakuja Jumamosi, kwamba mchezo ni wa Mwangaza na Mwangaza ni yeye, na kwamba pasipokuwa na mchezo mtahini hatakuwa na cha kutazama ila mgomba. Kisha akachukua brashi na kuchora kufuli mwenyewe. Lilifanana na kichwa cha mbuzi. Maji yalipita kando yake bila kusita. Bwana Fakihi akaleta mchora vibao vya maduka. La huyo lilitoka kama andazi, likalowa, likamong'onyoka.

"Unaona," Mzee Cuthbert alimwambia Yuster, na safari hii sauti yake ilikuwa na heshima ya kweli. "Kazi hii inataka mtu aliyesoma."

Yuster alikwenda kwa Mama Pili, akamweleza yote, akamuuliza afanye nini. Mama Pili alikuwa akisugua masufuria, jambo ambalo zamani alilifanya kwa majivu matupu.

"Ukikataa, wewe unarudi Chiwata," alisema, "na wao watatafuta msomi mwingine. Wasomi wapo, wamejaa, hawana kazi. Hiyo gundi yako huchukua muda gani kushika?"

"Nikiipika nzito, saa chache."

"Na ukiipika nyepesi?"

"Haishiki upesi, mama," alisema Yuster. Kisha akaenda kupika gundi nyepesi.

Ijumaa nzima alikuwa akiandaa kufuli. Alimwambia Mzee Cuthbert kwamba rangi ya chuma ni ngumu kupatikana, kwamba mkaa wa mkorosho haufai na unahitajika wa mti mwingine, kwamba chuoni hawaruhusiwi kuchora kufuli bila kulichora kwanza pembeni. Yote hayo yalikuwa na ukweli kidogo. Huku nyuma wanawake walichota bila kupumzika. Walijaza mitungi, mapipa, masinki mabovu, na mashimo yaliyotandikwa nailoni. Bwana Fakihi alikuja kila baada ya muda na mti wake wa kupimia, akiwasalimu wote, kila safari unyevu ukiwa chini zaidi. Mara ya mwisho mti ulitoka mkavu, na ncha yake ilikuwa na tope.

Hapo ndipo Yuster alipokoroga gundi nzito. Alifunga koki kwa rangi, akaizungushia mnyororo, akachora kufuli. Hakujua kuchora vibaya. Alijaribu, mkono ukakataa. Kufuli lilikuwa na uzito, na tundu la ufunguo lilikuwa na giza ndani yake. Matone yalipungua, yakaacha. Alipomaliza alinawa mikono kwenye ndoo ya mwisho, na alijisikia kama mtu aliyemfungia mgeni nje.

Mtahini aliitwa Mwalimu Fortunatus. Alishuka kwenye gari akitokea Ndanda, alikolala, akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mchezo ulikwenda vizuri. Gauni la Mama Pili lilifika chini na likashangiliwa peke yake. Katika sehemu ya tatu Bwana Mtaji alisimama mbele ya bomba lililofungwa na kusema maneno mapya yaliyoongezwa na Mzee Cuthbert: "Bomba hili limefungwa kwa ajili ya usalama wake." Halafu akaigiza maji kwa mikono, na wanakijiji wakaigiza kuyanywa. Watazamaji walicheka hadi wengine wakakaa chini. Bwana Fakihi, aliyekaa mbele, alipiga makofi kuliko wote. Alfajiri ile tangi lake lilikuwa limeanza kujaa tena.

Baadaye Mwalimu Fortunatus alimketisha Yuster kando ya jukwaa.

"Maleba, safi sana. Lile koti nimelipenda. Mgomba hauna kosa. Kufuli nimelipa alama zote. Nililisadiki kabisa, nilitaka hata kuuliza nani ana ufunguo."

"Ahsante, mwalimu."

"Bomba nimelipunguzia. Umelichora vizuri, sikatai. Lakini lazima msanii afanye utafiti wa mahali alipo. Bomba, mtaa huu? Nani atalisadiki?"

Yuster alishukuru tena. Alifaulu. Mzee Cuthbert alimpa mkono na kumwambia kwamba Mwangaza utamkumbuka daima. Pazia lilichukuliwa na Bwana Fakihi kama shukrani ya mfadhili, akalitundika kwenye ukuta wa tangi lake, na watu wakaendelea kununua maji pale, wakisalimiwa mmoja mmoja. Kipuri kikaendelea kuwa njiani. Mitungi ya mtaa ilidumu hadi wiki iliyofuata, kwa waliokuwa nayo mingi.

Siku ya kuondoka, Yuster alimkuta Mama Pili uani akijifunga kanga kiunoni, Paulina akimngoja barabarani na ndoo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuaga. Na kuomba radhi."

"Marahaba, mwanangu. Radhi ya nini? Umetunywesha siku kadhaa, kuna waliotuongoza miaka na hawakutupa hata hizo." Alikaza fundo la kanga. "Ila nataka kukuuliza. Pale chuoni wamekufundisha kuchora bomba, wakakufundisha kuchora kufuli. Ufunguo je?"

"Ufunguo ni mwaka wa nne, mama."

"Basi soma huo wa nne, urudi."

"Umefutwa. Tangu ianze hii habari ya kuchangia gharama."

Mama Pili alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa sokoni kwamba chumvi imekwisha. Alimwombea safari njema, akachukua ndoo yake, na yeye na Paulina wakaanza kushuka mteremko.