Fukusi wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupima viungo, iliki, giligilani, pilipili manga na ndugu zao, kuona kama vimebakiwa na dawa za kuulia wadudu. Mashine yetu haijui kitu mpaka ifundishwe. Lazima kwanza uionjeshe kiungo kisicho na dawa hata chembe, ndipo iweze kutofautisha sumu na kiungo chenyewe. Mwaka huo tukakosa giligilani safi. Nilizunguka maduka yote ya mjini, na kila niliyoleta ilikuwa na dawa. Mkuu wa maabara akaanza kunitazama kana kwamba naipulizia mimi.

Siku moja jikoni nikafungua kopo la mama mkwe, mjane anayeishi nami na mume wangu. Giligilani yake ilikuwa inatembea. Fukusi tele, wanene, hawana habari. Nikachota kijiko nikaenda nacho kazini. Mashine ikasoma: hakuna kitu. Mkuu akanikumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata nilipofiwa na baba.

Shida ikawa kumwambia mwenye kopo.

"Umepeleka wadudu wangu kwa wakubwa zako?" Mkono ulikuwa kiunoni. "Mkwe gani wewe wa kunivua nguo hadharani?"

"Mama, wamesema yako ndiyo safi kuliko zote."

Akauondoa mkono kiunoni. Kesho yake nilimkuta mlangoni pa maabara, kitambaa kipya kichwani, kopo kifuani. Giligilani alitoa bila maneno, ila fukusi hakukubali wasagwe. "Hao wamekulia kwangu." Akawatoa mmoja mmoja kwa unyoya wa kuku, akawaweka kwenye kisahani cha kioo.

Wiki hiyohiyo mashine ikaharibika. Fundi akasema kipuri kinatoka ng'ambo. Magunia ya kupimwa yakarundikana mpaka chooni. Ndipo mkuu, msomi wa kuheshimika, akawatazama wale fukusi kwa muda mrefu, akasema, "Basi wafanye kazi hawa."

Wakapewa namba kama kifaa chochote cha ofisi. Tulimimina sampuli, tukawaachia. Wakiingia kula, safi. Wakikimbia, chafu. Akifa mmoja, mkuu alivua miwani, nasi tukasimama kimya kidogo. Mama mkwe akapewa koti jeupe na kiti cha kuzunguka, akawa msimamizi wao. Ukipiga chafya karibu, umekwisha.

Akaja mfanyabiashara mmoja, mgane mwenye sauti nzito, tuliyemwita Bwana Gunia. Fukusi waliikimbia giligilani yake kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua.

"Hao wamedekezwa!" akafoka. "Nitaleta wangu, wenye njaa."

Akawaleta kweli, ndani ya kiberiti. Mkuu akasema kila mtu ana haki ya kukata rufaa. Kiberiti kikafunguliwa juu ya giligilani ya Bwana Gunia mwenyewe. Fukusi wake wakasimama, wakapepesa vipembe, wakageuka, wakavuka meza nzima, wakaingia kwenye kopo la mama mkwe.

"Nirudishieni wangu," akasema Bwana Gunia, sauti imepungua.

Mama mkwe akamsogezea kopo. "Chagua, baba."

Akainama kuchungulia. Mama naye akainama kumsaidia. Walichungulia hivyo, vichwa vikikaribia kugusana, mpaka tukafunga ofisi.

Kipuri kikafika. Mashine ikapima giligilani ya Bwana Gunia, ikataja dawa nyingi mpaka karatasi ikaisha. Hakubisha, mzigo wote akamrudishia aliyemuuzia. Fukusi wakaagwa kwa hotuba na soda, mama akarudi nao nyumbani.

Tangu hapo, kila Jumapili Bwana Gunia huja kuwaona fukusi wake. Jumapili iliyopita mume wangu akanivuta pembeni.

"Huyu mzee anataka nini hasa kwa mama?"

"Wadudu wake."

"Miezi yote hii hajawatambua?"

Nikachungulia sebuleni. Mama alikuwa anamwonyesha mmoja kwa kidole. "Huyu anatembea kama wewe," akamwambia, na Bwana Gunia akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali.

Nikaurudishia mlango taratibu, nikamwambia mume wangu twende tukanunue sukari, na tusirudi mapema.