Kakakuona Asiye na Jicho

Saa mbili asubuhi Ramdhani Lal, mchoraji wa Patna aliyeajiriwa Kalkuta, huko India, alikaa chini barazani kwa Bwana Thornley, Mwingereza aliyekusanya wanyama, akalowesha brashi yake ya manyoya ya kindi, akaendelea na magamba ya kakakuona. Hakutumia penseli, watu wa Patna huweka rangi moja kwa moja. Kakakuona alikuwa tunduni mbele yake, amejikunja kando ya bakuli la mkate na maziwa ambalo hakuligusa.

Chumba cha nyuma kilinuka. Humo ndimo zilimowekwa picha zilizokamilika. Mnyama akishachorwa aliuawa, ngozi ikajazwa pamba ipelekwe London, na tangu saa hiyo picha yake ilianza kuoza. Mzoga wenyewe haukunuka hata kidogo. Korongo wa karatasi alivuja maji ya kijani mabawani. Paa alikuwa na funza, wachache, upande wa tumbo. Wageni walikuja baada ya chakula cha mchana, wakaziba pua kwa leso, wakasifu manyoya, wakarudi kumalizia pudini. Kinyaa kilikuwa hapo, kwenye pudini, si kwenye funza.

Budhan, mtunza wanyama, aliwafagia funza pamoja na vumbi.

"Fundi, wiki ya tatu hii. Jicho bado tu?"

"Bado."

"Unamzungusha Bwana, wewe. Mimi sikuzaliwa jana."

"Fagia, Budhan."

Katika ukoo wa Ramdhani jicho huwekwa mwisho, na picha isiyo na jicho haijaisha. Kwa hiyo alichora gamba, akalifuta, akalichora tena. Jioni alileta kipande cha kichuguu ndani ya kitambaa, mchwa wakimng'ata vidole, na kakakuona alikula. Alitaka huyu mmoja atoke nyumba ile akiwa hai. Wengine kumi na tisa alikuwa amewamaliza yeye mwenyewe, jicho baada ya jicho, na alijichukia kwa hilo.

Jumanne Bwana Thornley alitoka na kikombe chake cha chai.

"Ramdhani, meli inaondoka keshokutwa. Na picha zako zinanuka. Mke wangu amemaliza chupa tatu za marashi. Huyu sitaki anuke."

"Basi mwachie aende zake, Bwana. Aliye hai hanuki."

Bwana Thornley alifikiri. Alikuwa msomi, hakukataa jambo kabla ya kulifikiri.

"Lakini ngozi nimeshaiahidi," akasema.

Akaitwaa brashi mkononi mwa Ramdhani, akaichovya kwenye rangi nyeusi, akaweka jicho. Likatoka kubwa mno, linatazama juu. Kisha akamwita Budhan aje na kamba. Rangi ya jicho ilikuwa haijakauka, magamba ya karatasi yakaanza kuvuja.

Nyumbani kwa Ramdhani, mkewe, Sonmati, alimwekea sahani kizingitini.

"Kula hapo hapo, Baba Munia."

"Nimeoga mara mbili."

"Nimekuona ukioga. Kula."

Mwaka uliofuata barua ilifika kutoka London. Wasomi wa huko walifurahi mno. Siku za kutazama picha walifungua madirisha, basi. Jicho la kakakuona lilisifiwa kuliko yote. Waliomba picha kumi na mbili zaidi.

Barazani palikuwa na fisi maji na wanawe wawili.

"Anza na watoto," Bwana Thornley akasema. "Wadogo hawachukui muda."

Ramdhani akaanza na mama, kwenye ncha ya mkia.