Siku Nyundo Ilipolala

Simu iliita kabla fundi viatu hajamaliza chai. Aliyepiga alikuwa binti wa redio ya taifa, yule ambaye marehemu mkewe alimfundisha kazi ya mitambo mpaka akaiva.

"Shemeji, leo tunamkumbuka dada hewani," alisema haraka haraka. "Tumekipata kile kicheko. Usizime redio."

Fundi akauliza ni saa ngapi, lakini laini ilikuwa imeshakatika. Alipopiga tena, simu ikaita mpaka ikachoka. Hakushangaa. Aliishi miaka ishirini na miwili na fundi mitambo, na alijua kwamba anayeingia studio huiacha simu yake mlangoni kama kandambili.

Kicheko kilikuwa kimoja tu. Mama Mitambo, kama wenzake walivyomwita, aliwapeleka hewani mawaziri, madaktari, wakulima na watoto wa shule, lakini yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa nyuma ya kioo. Siku moja, katika kipindi cha wakulima, alisahau kufunga kipaza sauti cha chumba chake, na nchi nzima ikamsikia akicheka. Alipewa barua ya onyo. Aliileta nyumbani na kuisoma kwa sauti nzito ya taarifa ya habari, hadi sahihi ya mkuu wake. Mumewe alisimuliwa kisa chote, lakini siku ya kipindi alikuwa safarini kununua ngozi, hakukisikia kicheko chenyewe.

Na kila alipotaka kumrekodi kwa simu, mkewe alikataa. Alisema sauti za watu amezijaza makabati mawili kazini, yake ya nini tena. Sasa ana miezi minne kaburini. Picha zipo tele ukutani, uso haukumpotea. Ila sauti ilikuwa inamtoroka fundi kidogo kidogo, kama mtu anayeondoka mkutanoni bila kuaga, na jambo hilo alikuwa hajamwambia mtu.

Basi akaamua kwamba leo nyundo ilale. Viatu vya kugonga visigino akavisukuma chini ya benchi, akabaki na vya kushona kwa shazia, ile sindano nene, na vya kutia gundi, kazi zisizo na kelele. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo akaiwasha redio ndogo ya betri na kuiegemeza kwenye debe la gundi.

Taarifa ya habari ikapita. Ikaja afya ya mama na mtoto, daktari akaeleza namna ya kumnywesha mtoto dawa chungu, na fundi akasikiliza kama mtu mwenye mapacha chumbani. Kipindi cha wakulima ndicho alichokitegemea. Alikaa nusu saa nzima ameshika uzi mkononi asishone, na wao wakazungumzia ugonjwa wa nyanya mwanzo mwisho.

Mchana, taarifa ikasoma ajali ya barabarani na idadi ya waliokufa. Baada ya hapo kukawa kimya, kama pumzi moja, ndipo ukaingia utabiri wa hali ya hewa. Fundi akaitambua pumzi ile. Mkewe ndiye aliyekuwa akiiweka. Alikuwa akisema mtu hawezi kupewa maiti na mvua kwa mkono mmoja, mwache kwanza ameze mate. Binti alikuwa ameirithi. Fundi akainamisha kichwa, akamshukuru kimoyomoyo, na kama lisingekuja jingine siku ile, hilo peke yake asingelidharau.

Akaingia mwalimu mstaafu, kufuata viatu vyake.

"Fundi, vipi leo? Nyundo yako imefiwa?"

Neno likitoka halirudi. Mwalimu akajikuna shingo, akatafuta pa kuangalia. Fundi akamwambia hapana ubaya, akamweleza habari yote, hata ile ya sauti kumtoroka. Mwalimu akavua kofia, akavuta kigoda, akasema viatu vinaweza kungoja. Wakasikiliza pamoja mwanasheria wa mipaka ya viwanja, kisha wasikilizaji wakitumiana salamu, mwalimu akiwasahihisha kila mmoja hadi fundi alipomwomba apunguze kufundisha.

Saa tisa, katikati ya mchezo wa redio, mama mkwe akiwa ndiyo kwanza anabisha mlango, redio ikaanza kukoroma. Kisha ikakata roho. Fundi akazitoa betri, akaziuma, akazirudisha. Wapi.

"Kimbia dukani," mwalimu akasema. "Mimi nalinda hapa."

Fundi akatoka, moyo ukimwenda mbio kuliko miguu. Njiani akagundua jambo. Kwa kuwa umeme haukuwapo, mtaa ulikuwa umetulia kama msikiti baada ya sala. Mashine za kinyozi zilikuwa kimya, za kusaga kimya, na zilizosikika ni redio za betri tu, zote kituo kimoja. Mama mkwe alibisha kwa kinyozi, akafunguliwa kwa mshona nguo, akaanza kugombana mbele ya duka. Fundi hakukosa hata neno.

Mchezo ukaisha. Mtangazaji akasema kuna mtu aliyewaletea sauti za wengine kwa miaka mingi, na leo wao wanamletea msikilizaji sauti ya mtu huyo mwenyewe. Fundi akasimama palepale, kati ya kinyozi na duka.

Kilianzia puani. Kikajaribu kujizuia, kikashindwa, kikapasuka, kikavuta pumzi na kurudia upya, mtaa mzima. Ndiye. Ndiye kabisa. Kinyozi akaanza kucheka bila kujua anacheka nini, wateja wake wakafuata, na mshona nguo akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikipinda, mabega yakimtikisika.

"Nani huyo?" kinyozi akauliza, akifuta macho.

"Mke wangu," fundi akasema.

Kinyozi akampisha kwenye benchi. "Alikuwa anacheka nini, Fundi?"

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo kama hilo. Fundi akakaa.

"Bwana mifugo aliulizwa namna ya kumbembeleza kuku arudi kwenye mayai," akaanza. "Sasa yule bwana, badala ya kueleza, akachuchumaa juu ya meza…"