Nukta juu ya jina la Tamim

Kaka yangu Tamim alipofariki, nilikwenda dukani kwake Mkunazini kuchapisha tangazo la hitma. Msaidizi wake, Mwanapili, akaiandikia kompyuta amri ya kugeuza herufi zote ziwe kubwa. Karatasi ikatoka TAMİM, I ina nukta juu.

"Kaka yako kaiweka kompyuta Kituruki, Bi Nadra. Ndivyo wanavyoandika huko Uturuki. Alisoma kwao, hakutaka kukisahau. Sie tukimwita Sultani." Akacheka. "Nikurudishie Kiswahili?"

Nyumbani hatukuwahi kumuuliza habari za huko, wala yeye hakusimulia.

"Lirekebishe jina kwa mkono," nikamwambia, "watu wa msikitini wasishangae. Mashine iache kama alivyoiacha."

Karatasi ile ya kwanza nikaondoka nayo.