Ishara ya Pili

Jumapili baada ya ibada, Mzee Sitati alikuwa sebuleni kwake Lanet akinywa chai na viazi vya Dundori, ndipo askari wa mwili wake walipotoka kwa njia ya jasho wakajipanga kando ya sofa. Walikuwa weupe, wanene kidogo, wenye ukubwa wa punje ya mchele. Mkewe Edinah aliwaambia wapanguse miguu, maana alikuwa ameshapiga deki.

Walikuja kuuliza habari za figo. Figo za mzee zilikufa mwaka jana, na Kiprotich, kijana anayetaka kumwoa binti yake Quincy, akampa moja yake. Inafanya kazi vizuri, Mungu ni mwema. Lakini ndoa mzee amekataa. Wazazi wake walitoka magharibi mwa nchi enzi za reli, na kwake yeye Mkalenjin kama Kiprotich ni jirani mwema, si mkwe. Jameni! Figo ya mtu unayo, na binti unamnyima.

Quincy, anayesomea biokemia chuo kikuu, alichuchumaa akawasikiliza. Walimweleza kwamba kila seli huvaa protini zake kwa nje, na za figo hii hawazijui. Hiyo ni ishara ya kwanza. Lakini ishara moja haitoshi. Bila ya pili hawamgusi mtu, wanalala moja kwa moja. Ya pili ni neno la mwenye mwili, kama aliyeitoa ni wa nyumbani au ni mgeni. Wamechoka kungoja, nazo dawa anazomeza mzee zinawapa usingizi.

Binti alimgeukia baba yake.

"Baba, sema tu Kiprotich ni wetu. Wataenda kulala."

Mzee alijibu kwamba mambo ya ukwe hayaendi mbio, na haraka haraka haina baraka. Edinah alinuna, akaenda jikoni. Askari walisema hawana neno, watangoja.

Saa saba Kiprotich akabisha hodi, amebeba maziwa kama kila Jumapili. Askari wote waligeuka kumtazama. Aliwasalimu, akawaruka kwa uangalifu asiwakanyage. Quincy alishikilia mkono wa kiti. Aliogopa sana.

Mzee naye hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kijana huyu, kwa namna yake, na alitaka siku hiyo aonekane muungwana. Alisimama, akamwondolea gazeti kwenye kiti kizuri chenye kitambaa, akampa mkono.

"Karibu," alisema. "Karibu sana, mgeni wetu."

Askari walimshukuru mzee. Walirudi ndani kwa mstari, wakiitana, na wenzao waliokuwa mifupani wakaitika. Mzee alijishika kidogo chini ya tumbo, penye figo, akaketi, akaomba sukari.

Quincy alianza kulia.

"Sasa unalia nini," baba yake alimwuliza, "na tuna mgeni?"